Nani Anadaiwa Hewa ya Darasani?

Siku msimamizi wangu alipokuja kunitazama nikifundisha, nilifunga madirisha yote sita ya darasa. Ulikuwa mwezi wa Juni, wiki ya tatu ya mazoezi yangu ya kufundisha, katika shule moja ya sekondari pembezoni mwa Kampala. Somo lilikuwa maamkizi, kidato cha kwanza, wanafunzi 86, vipindi viwili mfululizo. Nilipata alama 78. Msimamizi aliandika kwenye fomu kwamba nina udhibiti mzuri wa darasa. Fomu hiyo imo katika faili langu hapa chuoni, na kila nikiikumbuka naona haya.

Kwanza nieleze mahali penyewe. Wanaoijua Kampala wanajua kwamba mji huu ni wa vilima. Vilimani wanaishi wenye nacho. Mabondeni, palipokuwa na mafunjo na maji, vimejazana viwanda na vyumba vya kupanga. Shule yetu iko bondeni. Ng'ambo ya barabara ya vumbi kuna kiwanda kinachoyeyusha vyuma chakavu na kutengeneza nondo. Tanuri lake huwaka usiku kucha. Alfajiri hewa baridi huwa imetulia bondeni kama maji kwenye bakuli, na moshi haupati njia ya kupanda. Hubaki palepale mpaka jua lipashe ardhi moto, saa nne hivi. Saa nne ni wakati wa mapumziko. Kwa hiyo vipindi vya asubuhi, vile ambavyo walimu wa hisabati na fizikia huvigombania kwa kuwa akili za watoto hazijachoka, ndivyo vinavyofundishwa ndani ya moshi.

Moshi wenyewe si mweusi. Una rangi ya kutu, na ladha yake ni kama umeweka sarafu ulimini. Kila asubuhi wanafunzi hupangusa dawati kwa kiganja kabla ya kuketi, bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha yamezibwa kwa vipande vya magunia ya saruji. Nilipouliza nani aliyeyaziba, hakuna aliyekumbuka.

Siku ya msimamizi, lori lilikuwa linamwaga vyuma kiwandani. Kelele zile mtu huzisikia mpaka kwenye meno. Nilifunga madirisha ili sauti yangu isikike, na pia, nikiri, ili msimamizi asikohoe. Darasa lilitulia kuliko siku yoyote. Katika kipindi cha pili mvulana mmoja wa dawati la tatu alilala. Nilimgusa bega, nikamtaka asimame karibu na ubao hadi mwisho wa somo, nikaendelea na "shikamoo" na "marahaba". Kengele ilipolia nilimkuta nje kwenye bomba la maji, amejiinamia, anakohoa. Nilimwuliza kwa nini alilala mbele ya mgeni. Akajibu, "Mwalimu, ndani hewa iliisha."

Nilikaribia kumsahihisha. Hewa haiishi.

Baadaye nilisoma kidogo nikaona kwamba aliyestahili kusahihishwa ni mimi. Katika chumba kilichofungwa, oksijeni haipungui sana, ni kweli. Kinachotokea ni kwamba hewa ya ukaa huongezeka. Pumzi tunayoitoa ina asilimia nne hivi ya hewa ya ukaa, mara mia moja kuliko hewa ya nje. Mwaka 1858 Mjerumani Max von Pettenkofer alipendekeza kwamba chumba cha watu kisizidi sehemu 1,000 za hewa hiyo katika kila sehemu milioni moja. Hakusema kwamba kiasi hicho ni sumu. Alikitumia kama kipimo cha jinsi watu walivyoanza kuvuta pumzi za wenzao, na wataalamu wa majengo wanakitaja hadi leo. Nikapiga hesabu. Darasa letu lina urefu wa mita nane, upana wa mita sita na kimo cha mita tatu. Watoto 86 wakifungiwa humo kabisa, huvuka kiwango cha Pettenkofer kabla ya dakika kumi kwisha. Kweli, chumba chetu si chupa. Mlango una upenyo na mabati yana nafasi. Lakini mimi niliwafungia kwa dakika 80. Kinachofuata katika hali kama hiyo kinajulikana: kichwa kizito, usingizi, akili kwenda polepole. Na akiwemo mmoja mwenye kifua kikuu au mafua makali, wote wanagawana. Utulivu ule aliousifu msimamizi wangu, sehemu yake ilikuwa ni kusinzia.

Mtu ataniambia: basi fungua madirisha. Nje kuna moshi wa tanuri. Ndani ya moshi huo mna chembechembe ndogo kiasi kwamba ukizipanga 20 au 30 ndipo upate unene wa unywele mmoja. Hizi hazizuiwi na pua. Hushuka hadi mwisho wa mapafu, na nyingine huingia katika damu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake cha mwaka mzima kutoka mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo hadi mikrogramu 5, kwa sababu ushahidi ulionyesha kwamba hata kidogo kinadhuru. Mtoto hudhurika zaidi. Mapafu yake bado yanakua, na ukilinganisha na uzito wa mwili wake, huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima.

Kwa hiyo nikifunga, ninawapa pumzi za wenzao. Nikifungua, ninawapa moshi. Jambo hili linaweza kuonekana ni la mafundi: weka feni, weka chujio, panda miti. Chujio na feni vingesaidia. Shule yetu haikuwa na chaki za kutosha. Mimi ninauliza swali jingine: katika hali hii, nani anadaiwa? Na je, mwalimu, asiyemiliki kiwanda wala kuwasha tanuri, yumo katika orodha ya wadaiwa?

Katika chumba cha walimu nilikuta majibu yaliyokuwa tayari. Mwenzangu wa mazoezi, anayesoma uchumi, alisema wazazi wa watoto hawa wengi hula kutokana na kiwanda kile. Baba hupakia nondo, mama huuza chapati za mayai getini, na karo hutoka humo. Hakuna aliyewalazimisha kuhamia bondeni. Wamepima faida na hasara, wakachagua.

Hoja hii ina nguvu kuliko tunavyopenda kukubali, na sitaki kuipita upesi. Mtu maskini si mjinga. Anajua moshi ni mbaya, lakini anajua pia kwamba njaa huua haraka zaidi. Kumwambia "kiwanda kifungwe" huku wewe ukila mezani pa chuo ni ufedhuli wa aina fulani. Ila hoja inakwama mahali pamoja. Aliyechagua ni mzazi. John Stuart Mill, aliyetetea uhuru wa mtu kujichagulia hata yale yanayomdhuru, aliandika mwaka 1859 kwamba kanuni yake inawahusu watu wazima, si watoto. Mzazi anaweza kuuza afya yake kwa mshahara. Ni biashara mbaya, lakini ni yake. Mapafu ya mwanawe hayakuwa yake kuyauza.

Majirani zetu wa Kenya wanao mfano ulio wazi kuliko maneno yangu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha kwamba ana risasi katika damu. Mama aliajiriwa, mtoto hakuajiriwa, lakini sumu ilimfikia vilevile. Omido aliacha kazi akaanza kupigania mtaa mzima, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Waswahili husema mchuma janga hula na wa kwao. Nilipokuwa bondeni niliiona methali hii imepinduka. Waliochuma hasa, wenye kiwanda, walikuwa wanalala kilimani kwenye upepo safi, na janga likaliwa na watoto ambao si wa kwao.

Jibu la pili lilitoka kwa Mwalimu Mkuu, na hilo lilinikaa moyoni zaidi kwa sababu yeye si mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, shule hii ilikuwapo kabla ya kiwanda. Nimewaandikia barua tatu. Majibu ya ile ya pili ni hayo madawati uliyoyakuta darasani." Madawati 40, kila moja limepigwa nembo ya kiwanda ubavuni. Akaendelea: nyumbani kwao watoto hawa hupikiwa kwa sigiri ya mkaa ndani ya chumba kimoja wanamolala watu sita. Tukiifunga shule, wanarudi kwenye moshi mbaya zaidi, tena bila ya kusoma. "Sasa niambie, nifanye lipi?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Hoja ya sigiri ilinisumbua kwa wiki nzima, maana ni kweli. Moshi wa jikoni ni mbaya, na huenda mwanafunzi wangu alikuwa amekohoa usiku kucha kabla hajafika shuleni. Lakini nikajiuliza: ikiwa mtoto analala na njaa nyumbani, je, hiyo inatupa ruhusa ya kumnyang'anya maandazi yake shuleni? Mabaya ya mahali pamoja hayawi posho ya mahali pengine. Tena mapafu hayatenganishi hesabu za nyumbani na za shuleni, yanajumlisha tu. Anayevuta moshi jikoni ndiye anayehitaji zaidi saa nane za hewa safi.

Ama kuihamisha shule, hilo limewahi kufanyika kwingine. Huko Chile, katika wilaya ya Puchuncaví, shule ya kijiji cha La Greda ilikuwa karibu na kinu cha kuyeyusha shaba cha Ventanas, kilichoanza kazi mwaka 1964. Mwezi wa Machi 2011 wingu la gesi lilishukia shule, na wanafunzi zaidi ya 30 pamoja na walimu wao wakapelekwa kutibiwa. Mwishowe shule ilihamishwa. Kinu kiliendelea, tanuri lake lilizimwa mwaka 2023. Nasoma tarehe hizo na kujiuliza kwa nini, kati ya shule na tanuri, aliyefungasha virago kwanza ni mtoto. Lakini angalau walihama. Mwalimu aliyeendelea kugonga kengele pale pale angesemaje?

Kengele ndiyo iliyonifikisha kwenye jibu langu. Tuangalie kwa makini kinachompeleka mtoto katika hewa ile. Kiwanda hutoa moshi, lakini hakimkalishi mtu darasani. Anayemkalisha ni sisi. Geti hufungwa saa mbili kasoro robo. Daftari la mahudhurio huitwa. Asiyefika huadhibiwa, na anayetoka bila ruhusa huandikiwa mzazi. Sheria ya elimu ya mwaka 2008 imeifanya elimu ya msingi nchini Uganda kuwa ya lazima. Sekondari haina lazima ya sheria, ila ina lazima ya sare, ya karo iliyokwisha kulipwa na ya macho ya mwalimu wa zamu. Hata somo langu la Kiswahili ni la lazima kwa kidato cha kwanza tangu mtaala mpya wa 2020, na sisi wanafunzi wa Kiswahili tulishangilia sana. Mtu mzima akikutana na moshi barabarani huziba pua na kuvuka. Mtoto wa darasani anahitaji kuinua mkono.

Naona tofauti, basi, kati ya lawama na deni. Lawama ni ya aliyesababisha madhara. Deni linaweza kuwa la mtu asiyesababisha chochote, kwa kuwa tu amewaweka watu mahali na kuwazuia wasiondoke. Dereva wa taksi hakujenga barabara mbovu, wala hakuleta mvua. Lakini akishafunga mlango na abiria 14 wamo ndani, hawezi kusema mashimo si yake. Nahodha haulizwi nani kaleta dhoruba; anaulizwa abiria wako wapi. Mwanafalsafa Hans Jonas, katika kitabu alichokitoa mwaka 1979, alimchukua mtoto mchanga kuwa mfano wa kwanza wa wajibu wote: hajatuomba, hajatuahidi kitu, ila kwa kupumua tu ametuwekea dai. Mimi naongeza kwamba dai hilo humfuata kila mtu anayechukua nafasi ya mzazi. Mzazi anapomkabidhi mtoto getini, anatuachia amana. Amana haihusu daftari na mtihani tu.

Kuna pingamizi hapa, na mhadhiri wetu wa falsafa ya elimu atalitoa kabla sijamaliza sentensi: huwezi kudaiwa usichoweza kulipa. Mwalimu wa mazoezi asiye na mshahara atasafishaje hewa ya bonde zima? Ni kweli hawezi. Lakini mdaiwa asiyeweza kulipa lote hasamehewi lile analoweza. Nami nilipohesabu nilichoweza, niliona ni kingi kuliko nilivyotaka kiwe. Ningeweza kuchomoa yale magunia kwenye matundu mchana, moshi ukiinuka, na kuyarudisha jioni. Ningeweza kubadilishana vipindi na mwenzangu wa michezo, ili watoto wasikimbizwe uwanjani saa mbili asubuhi, wakati wanapohitaji kuhema sana. Nyuma ya jiko la shule kuna mwembe mkubwa, upande usiopata upepo wa kiwanda, na maamkizi hayahitaji ubao. Zaidi ya yote, ningeweza kutomsimamisha mtoto aliyelala. Hilo halikuhitaji fedha hata kidogo. Nilikuwa nimemwadhibu kwa kuwa mwili wake umesema kweli juu ya chumba nilichokifunga mwenyewe.

Kuna pia wajibu wa kusema. Katiba yetu ya 1995 inatoa haki ya elimu katika ibara ya 30, na haki ya mazingira safi yenye afya katika ibara ya 39. Pale bondeni haki hizi mbili hazikai kwenye dawati moja: ili upate ya kwanza lazima uipoteze ya pili. Mwalimu ndiye mtu pekee anayeliona jambo hili kila siku, na ndiye mwenye kalamu. Mwalimu Mkuu aliandika barua tatu. Simlaumu kwa kuchoka. Lakini walimu 31 hatukuandika hata moja.

Mara nyingi nimefikiri kwamba lugha yetu ilikwisha lijua jambo hili. Kupumzika kumetokana na pumzi. Anayepumzika ni anayerudishiwa pumzi zake. Kengele ya mapumziko ilipolia pale shuleni, watoto hawakukimbilia chakula kwanza. Walisimama uani kwa muda mfupi, midomo wazi. Nilidhani ni uvivu.

Wiki yangu ya mwisho niliwaachia wanafunzi wajadili kwa Kiswahili: madirisha yafungwe au yafunguliwe? Nilitaka waizoeze ndimi zao, sikutarajia kujifunza. Sarufi ilivunjika vipande, lakini hoja zilisimama. Waliokaa karibu na madirisha walitaka yafungwe, kwa kuwa vumbi la chuma huwaangukia wao kwanza. Waliokaa katikati walitaka yafunguliwe, kwa kuwa ndiko joto na pumzi zinakojaa. Msichana mmoja akauliza mbona walimu hukaa mlangoni. Nilitazama kiti changu. Kweli, kilikuwa mlangoni, na sikumbuki kukiweka pale kwa makusudi. Walikubaliana wawe wanabadilishana nafasi kila Jumatatu, na kwamba madirisha ya upande wa kiwanda yafungwe hadi mapumziko, yale ya upande wa mwembe yabaki wazi. Kiti changu kilihamishiwa katikati. Nilikaa hapo kwa siku nne, na siku ya pili kichwa kiliniuma kuanzia kipindi cha tatu.

Mvulana wa dawati la tatu nilimwomba radhi. Aliona aibu kuliko mimi. Kwetu mtoto hajazoea kuombwa radhi na mwalimu, akainamisha kichwa na kusema "si kitu, Mwalimu". Ilikuwa ni kitu. Sijui kama aliyenifuata katika darasa lile amekiacha kiti katikati.

Msimamizi wangu ni mmoja wa watakaoisoma insha hii. Zile alama 78, sehemu ya udhibiti wa darasa, naomba aziangalie upya.